Mwaka ulioandikwa kwenye nishani si mwaka ilipotengenezwa: namna ya kutambua umri na uhalali wa nishani za kijeshi za Ujerumani na nakala zake

Katika makundi ya WhatsApp ya watafutaji wa vitu vya kale, hasa Tanzania Bara ambako simulizi za mali zilizofukiwa na Wajerumani hazijawahi kwisha, picha ya msalaba mweusi wenye kingo za rangi ya fedha huzunguka mara kwa mara. Upande mmoja wa msalaba huo unasomeka 1813, na aliyeituma picha hutangaza kwamba ameshika kitu chenye umri wa zaidi ya miaka mia mbili, kwa hiyo bei yake ni ya mamilioni. Haupiti muda mrefu kabla mwingine hajajibu kwamba ni feki, kwa sababu mwaka 1813 Mjerumani alikuwa hajatia mguu Afrika Mashariki. Wote wawili wamepotoka, na chanzo cha kupotoka kwao ni kimoja: wamesoma mwaka ulioandikwa juu ya nishani wakidhani ndio mwaka nishani ilipotengenezwa.

Mkanganyiko huu huongezeka zaidi linapoingia suala la nakala. Wengi huamini kwamba nishani ni ya aina mbili tu, ya kweli na ya bandia, na kwamba mtaalamu akiitazama kwa dakika moja atasema ni ipi. Hali halisi ni ngumu zaidi. Kati ya nishani iliyokabidhiwa askari mbele ya gwaride na ile iliyotengenezwa juzi ili kumlaghai mnunuzi, kuna kundi kubwa la nishani zilizotengenezwa kihalali, kwa ajili ya mtu aliyestahili kuzivaa, lakini miaka kadhaa au hata miongo kadhaa baada ya tukio lililompatia heshima hiyo. Hizo ndizo tutakazoziita nakala mbadala, na ndizo zinazowasumbua hata wakusanyaji wazoefu wa Ulaya.

Tuyapange maneno kwanza. Nishani ya kukabidhiwa ni ile iliyonunuliwa na serikali na kutolewa rasmi kwa mwenye kustahili. Nakala mbadala ni ile ambayo mhusika mwenyewe, akiwa tayari ana haki ya kuvaa nishani, aliinunua kwa sonara au kwa mtengenezaji ili ichukue nafasi ya iliyopotea au iwe ya pili. Nakala ya maonyesho hutengenezwa kwa ajili ya makumbusho, filamu au maigizo, na muuzaji mwaminifu huitaja hivyo. Bandia ni ile iliyotengenezwa, au iliyobadilishwa, kwa nia ya kudanganya. Tofauti hizi ni sawa na za vyeti vya kuzaliwa: mtu aliyezaliwa 1960 akapoteza cheti, kisha akapewa kingine mwaka 2005, ana cheti halali ingawa karatasi yake ni ya 2005, ilhali aliyechapiwa cheti uchochoroni hana cheti hata kama karatasi yake ni nzee zaidi. Kwa nishani pia, swali la umri na swali la uhalali ni maswali mawili, na anayeyachanganya hawezi kupata jibu la lolote kati yao.

Kwa nini msalaba wa 1914 una mwaka 1813

Nishani inayosababisha utata mwingi zaidi ni Msalaba wa Chuma. Ulianzishwa na Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, ufalme mkubwa wa Kijerumani wa wakati ule, huko Breslau, tarehe 10 Machi 1813, wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na mchoro wake ulikamilishwa na msanifu majengo Karl Friedrich Schinkel. Mfalme alichagua chuma, madini yasiyo na thamani kubwa, kwa sababu nchi ilikuwa katika dhiki na wananchi walikuwa wakitoa dhahabu na vito vyao kugharimia vita. Nishani hiyo ilikusudiwa vita hivyo tu. Hata hivyo ilifufuliwa mwaka 1870 katika vita na Ufaransa, ikafufuliwa tena Agosti 1914, na mara ya mwisho tarehe 1 Septemba 1939.

Katika kila ufufuo mwaka mpya uliandikwa upande wa mbele, na 1813 ukabaki nyuma kama kumbukumbu ya asili yake. Msalaba wa daraja la pili wa mwaka 1914 una herufi W ya Kaisari Wilhelm II, taji na 1914 upande wa mbele, na nyuma una herufi FW za mwanzilishi, majani ya mwaloni, taji na 1813. Ule wa 1939 una swastika, alama ya Wanazi, na 1939 mbele, na 1813 peke yake nyuma. Kwa hiyo mtu anayepiga picha upande wa nyuma tu ameacha habari iliyo muhimu zaidi. Daraja la kwanza halivaliwi kwa utepe bali hubanwa kwa pini kifuani upande wa kushoto, na nyuma yake kwa kawaida ni tupu.

Hata mwaka ulio mbele haumalizi swali. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Msalaba wa Heshima wa Vita vya Dunia, ambao mbele yake pameandikwa 1914 na 1918. Nishani hiyo ilianzishwa na Rais Hindenburg tarehe 13 Julai 1934, na mamilioni ya watu waliipata: wapiganaji wa mstari wa mbele walipewa yenye panga, waliotumikia jeshi bila kupigana yenye kukosa panga, na wajane na wazazi wa waliokufa walipewa nyeusi. Hakuna hata moja katika mamilioni hayo iliyokuwepo vita vikipiganwa. Anayeuza msalaba huu akidai ulichimbwa kwenye handaki la mwaka 1916 anasema jambo lisilowezekana, na si lazima awe mwongo. Huenda naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia.

Nakala mbadala zilitoka wapi

Askari hupoteza vitu. Nishani hukatika kwenye utepe, huzama matopeni, huibiwa hospitalini, huchukuliwa na adui anayemteka mwenye nayo. Afisa naye alikuwa na sare zaidi ya moja, na hakutaka kuhamisha nishani kila anapobadili koti. Wengine walitaka iliyo nzuri kuliko ile ya serikali, kwa mfano msalaba wa daraja la kwanza uliopindwa kidogo ukae vyema kifuani, au wenye skrubu na kisahani nyuma badala ya pini, kwa kuwa skrubu haikuachia kirahisi. Masonara wa Berlin na viwanda vya mji wa Lüdenscheid walitengeneza na kuuza vyote hivyo hadharani. Biashara hiyo haikuwa ya magendo, ilikuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya jeshi.

Kulikuwa pia na misimu ambayo mahitaji yalipanda. Mwaka 1895, miaka 25 baada ya vita na Ufaransa, Wilhelm II aliwaruhusu wenye Msalaba wa Chuma wa 1870 kuongeza juu ya utepe kipambo cha majani ya mwaloni chenye namba 25. Wazee waliokuwa wamepoteza misalaba yao au iliyochakaa walipata sababu ya kununua mingine. Katika miaka ya 1930, wanajeshi wa vita vya 1914 walirudi kuvaa nishani zao hadharani, wengi wao wakiwa kazini tena jeshini, na viwanda vikatengeneza upya misalaba yenye mwaka 1914. Ndiyo maana leo ipo misalaba mingi yenye herufi W ya Kaisari ambayo ilitengenezwa wakati Kaisari mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbilia Uholanzi.

Kwetu Afrika Mashariki umbali kati ya kupewa heshima na kushika chuma chenyewe mkononi ulikuwa mkubwa kuliko Ulaya. Kuanzia 1914 koloni la Ujerumani lilifungiwa baharini na manowari za Waingereza. Machi 1916 meli Marie ilifanikiwa kupenya na kutia nanga Sudi, kusini mwa Lindi, ikiwa imebeba silaha na risasi, na pamoja navyo nishani, zikiwemo za mabaharia wa manowari Königsberg iliyokuwa imezamishwa katika delta ya Rufiji mwaka uliotangulia. Baada ya hapo idhini zilifika kwa mawasiliano ya redio. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck alitunukiwa Pour le Mérite, nishani ya juu ya kijeshi ya Prussia, mwezi Novemba 1916, wakati majeshi yake yakirudishwa nyuma kuelekea kusini, mahali pasipofikiwa na kifurushi chochote kutoka Berlin. Aliendelea kupigana hadi alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Katika mazingira hayo nishani ilikuwa kwanza habari na karatasi, na kitu chenyewe kilifuata baadaye. Mtu anayedai kwamba nishani ya mpiganaji wa Afrika Mashariki lazima iwe imetengenezwa kabla ya Novemba 1918, la sivyo ni ya uongo, hajaielewa historia hiyo.

Kuitazama kwa karibu

Tuchukue Msalaba wa Chuma wa daraja la pili na kuuweka mezani, kwenye mwanga wa dirisha, tukiwa na lenzi ya kukuza mara kumi. Msalaba uliotengenezwa kwa utaratibu wa kawaida una vipande vitatu. Katikati kuna kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, chenye maandishi yaliyoinuka. Kiini hicho kimefumbatwa na fremu mbili, moja mbele na moja nyuma, ambazo zimelehemiwa pembezoni. Ukiugeuza msalaba ukautazama ubavuni, utaona mstari mwembamba wa lehemu ukizunguka mahali fremu zinapokutana, na mara nyingi pana alama za tupa pale fundi alipoondoa lehemu iliyozidi. Ukingo wa ndani wa fremu una safu ya nukta ndogo zilizoinuka. Nukta hizo ziwe kali na zimetenganishwa vizuri, kwa sababu fremu iligongwa kwa kalibu ya chuma kigumu yenye nguvu kubwa.

Bandia nyingi za bei nafuu hushindwa hapa hapa. Zimesubiwa, yaani madini yaliyoyeyushwa yamemiminwa katika kalibu iliyonakiliwa kutoka kwenye msalaba mwingine, na fremu na kiini vimetoka kama kitu kimoja. Ubavuni hakuna lehemu, au pana mfereji uliochorwa ili ufanane nayo. Nukta za ukingo zimefifia na kushikana. Kwenye pembe za tarakimu huonekana vitundu vidogo vidogo vya hewa iliyonaswa madini yalipopoa. Na kwa kuwa madini hunywea yanapopoa, nakala iliyosubiwa mara nyingi huwa ndogo kuliko ile iliyonakiliwa. Msalaba wa daraja la pili wa 1914 una upana wa takriban milimita 42, na ule wa 1939 takriban milimita 44. Kipimo cha fundi mitambo kinachopatikana kwa bei ndogo kinatosha kuonyesha upungufu.

Baada ya umbo tunatafuta mihuri, na hapa ndipo tarehe zinapoanza kujitokeza. Muhuri mdogo hupigwa kwenye pete inayoshika utepe, kwenye fremu, au nyuma ya daraja la kwanza chini ya pini. Muhuri ulio na faida kubwa kwa mchunguzi ni ule wa hilali na taji pamoja na namba kama 800, unaoonyesha kiwango cha fedha katika aloi, yaani mchanganyiko wa madini. Alama hiyo iliwekwa na sheria ya Ujerumani ya 1884, iliyoanza kutumika mwaka 1888. Basi msalaba wa 1870 ukiwa na hilali na taji haukutengenezwa wakati wa vita vya 1870. Haikosi kuwa ni nakala mbadala iliyonunuliwa baada ya 1888, pengine kwa ajili ya ile kumbukumbu ya 1895, au ni udanganyifu wa baadaye, lakini tayari tumepata mwaka ambao kabla yake haiwezekani. Muhuri mmoja usiofika milimita tatu umefanya kazi hiyo yote.

Kwa nishani za miaka ya Hitler mihuri ni mingi zaidi na ina mfumo wake. Viwanda vilivyouza kwa serikali kwa ajili ya kukabidhi askari vilipewa namba tupu: namba 2 ni ya C. E. Juncker wa Berlin, 3 ni ya Wilhelm Deumer wa Lüdenscheid, 4 ni ya Steinhauer & Lück wa mji huo huo. Viwanda vilivyouza madukani kwa wenye kustahili viliwekwa chini ya chama cha watengenezaji nishani, na namba zao zilitanguliwa na herufi L na mstari: L/11 ni Deumer, L/12 ni Juncker, L/16 ni Steinhauer & Lück. Utaratibu huo wa L ulianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo msalaba wenye 1914 mbele na L/11 nyuma umejieleza wenyewe: ni nakala mbadala, ya halali, iliyotengenezwa katika vita vya pili kwa ajili ya mtu aliyepigana vita vya kwanza. Katika mnada wa leo utauzwa kwa jina hilo, na muuzaji anayeuita wa 1914 ama hajui kusoma muhuri ama hataki mnunuzi ausome.

Madini nayo yana kalenda yake. Kadiri vita vya pili vilivyoendelea, shaba iligeuzwa kuwa ya risasi na mizinga, na beji nyingi za mapigano zilizokuwa zikitengenezwa kwa aloi ya shaba zikaanza kutengenezwa kwa zinki. Zinki hufifia na kuwa ya kijivu, rangi yake ya juu huondoka mapema. Mwonekano mbaya wa beji ya mwaka 1944 si ushahidi dhidi yake. Kwa upande wa Pour le Mérite, dhahabu ilitumika hadi Novemba 1916, kisha ikabadilishwa kuwa fedha iliyopakwa dhahabu. Msalaba huo wa buluu umefunikwa kwa enameli, ambayo ni kioo kilichoyeyushwa juu ya madini kwa moto. Panapobanduka, kioo huacha ukingo mkali wenye kung'aa. Bandia hutumia rangi au gundi ya plastiki, ambayo hubonyea na kuchubuka, na ukiitazama kwa lenzi huonekana imejaa hadi juu ya ukingo.

Utepe haunisadikishi sana, ingawa watu huutegemea. Taa ya miale ya urujuanimno hutumika kwa sababu nyuzi za kisasa na dawa za kung'arisha nguo zilizoenea baada ya 1945 hung'aa chini yake, ilhali pamba na hariri za zamani hazing'ai kwa namna hiyo. Lakini utepe wa 1914 uliofuliwa kwa sabuni ya leo unaweza kung'aa, na nishani halisi mara nyingi imebadilishiwa utepe uliochanika. Kipimo hicho kinapima utepe, hakipimi chuma kinachoning'inia chini yake.

Sheria ya 1957 na tatizo la kalibu zilizobaki

Baada ya Ujerumani kushindwa mwaka 1945, mataifa washindi yalipiga marufuku uvaaji wa nishani za kijeshi. Ujerumani Magharibi ilipoanzisha jeshi jipya katikati ya miaka ya 1950, maafisa wake wengi walikuwa wamepigana katika vita vilivyopita, na swali la nishani zao likawa la kisiasa na la kisheria. Jibu lilikuja na sheria ya vyeo, nishani na tuzo ya tarehe 26 Julai 1957. Sheria hiyo iliruhusu nishani za vita vya pili zivaliwe kwa sharti kwamba swastika iondolewe. Kwenye Msalaba wa Chuma wa 1939 nafasi ya swastika ikachukuliwa na majani matatu ya mwaloni, na mwaka 1939 ukabaki chini yake.

Nishani hizi huitwa na wakusanyaji za muundo wa 1957, na ni nakala mbadala kwa maana kamili ya neno hilo: zimeagizwa na sheria, zimetengenezwa na viwanda vyenye jina, zimevaliwa na wenye haki. Anayeiona ya namna hiyo akaiita feki kwa sababu haina swastika amekosea sawasawa na anayeuziwa kwa bei ya nishani ya vitani. Nishani za 1914 hazikuhitaji muundo mpya, kwa kuwa hazikuwa na alama ya Wanazi.

Tatizo gumu kuliko yote katika somo hili lipo hapa. Viwanda vilevile vilivyotengeneza nishani kabla ya 1945 viliendelea baada yake. Steinhauer & Lück ilitengeneza nishani za heshima za Ujerumani Magharibi, na Rudolf Souval wa Vienna naye aliendelea na kazi baada ya vita. Kalibu za zamani hazikuyeyushwa zote. Msalaba uliogongwa miaka ya 1960 kwa kalibu ya 1941, na kiwanda kilekile, una umbo sahihi, ukali sahihi, pengine hata muhuri sahihi. Je, huo ni wa kweli? Hakuna kipimo cha umbo kitakachojibu, kwa sababu umbo ni lilelile.

Wachunguzi makini wamepata njia katika kasoro. Kalibu ya chuma huchoka. Baada ya kugonga maelfu ya vipande hupata ufa mdogo, na ufa huo huacha mstari ulioinuka kwenye kila nishani inayofuata. Ufa haurudi nyuma, huongezeka. Ukikusanya misalaba mingi ya kalibu moja unaweza kuipanga kwa mfuatano, kuanzia isiyo na mstari hadi yenye mstari mrefu. Ukipata mmoja wenye historia isiyotiliwa shaka, kwa mfano uliochukuliwa na askari wa Marekani kutoka kwa mateka mwezi Mei 1945 na kuandikishwa wakati huo huo, unakuwa na kigingi: wenye ufa mdogo kuliko huo ni wa kabla yake. Wenye ufa mkubwa zaidi unabaki katika shaka, hadi ushahidi mwingine upatikane, kama vile aloi ya fremu iliyopimwa kwa mashine ya eksirei isiyoharibu kitu. Ni kazi ya miaka na ya kulinganisha mamia ya vipande, na mabishano yake hayajaisha. Mtu anayekupa jibu la uhakika kwa kutazama picha moja ya simu hajaifanya.

Imani zinazopotosha

Iliyoenea zaidi ni ya sumaku. Husemwa kwamba Msalaba wa Chuma ukivutwa na sumaku ni wa kweli na usipovutwa ni bandia. Kiini cha kawaida ni cha chuma, kwa hiyo kipimo kina mantiki ya mwanzo. Lakini vilikuwepo viini vya madini yasiyovutwa na sumaku katika vipande vya wakati ule, na kwa upande mwingine bandia za leo hutiwa chuma makusudi kwa kuwa mtengenezaji naye anaijua imani hiyo. Muundo wa 1957 nao huvutwa na sumaku.

Nyingine ni kwamba kutu ni dalili ya uzee. Kutu hupatikana kwa chumvi, siki na wiki chache za kufukiwa ardhini. Cha kutazama ni mahali ilipo. Nishani iliyovaliwa huchakaa pale inapogusana na nguo na mikono: kwenye kingo za mikono ya msalaba, kwenye ncha za tarakimu zilizoinuka, ndani ya pete. Iliyozeeshwa kwa dawa hubadilika rangi kote kwa usawa, hata ndani ya mabonde ambayo kidole hakifiki.

Wapo pia wanaoamini kwamba kazi isiyo nadhifu ni lazima iwe ya bandia. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyogongwa Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo, ilitengenezwa katika karakana ya reli wakati wa vita, na haina unadhifu wa sarafu za Berlin, wala hakuna anayeikataa kwa hilo. Hukumu hutolewa kwa kulinganisha kitu na vya mahali pake na wakati wake.

Kuhusu karatasi, nakubaliana nusu. Hati ya kutunukiwa ni ushahidi mzuri kwamba mtu fulani alitunukiwa, na kitabu cha utumishi cha askari kilichoandikwa nishani zake ni bora zaidi kwa kuwa kimejazwa kwa mikono tofauti kwa miaka mingi. Lakini karatasi haithibitishi kwamba kipande kilichowekwa kando yake ndicho kilichokabidhiwa. Wafanyabiashara huoanisha hati halisi na nishani yoyote ya aina hiyo, na seti ikauzwa kwa bei ya pamoja. Na kukosekana kwa karatasi hakumaanishi uongo: nyaraka nyingi za jeshi la Prussia ziliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945, ilhali za Bavaria, ufalme mwingine wa Kijerumani uliokuwa na jeshi lake, zilihifadhiwa Munich na bado zinatumika. Mjukuu wa askari wa Bavaria anaweza kumpata babu yake kwa jina na kikosi. Wa Prussia mara nyingi hawezi, hata kama babu alipigana kwa ujasiri uleule.

Nyumbani kwetu

Familia kadhaa za Tanzania zina kumbukumbu ya babu aliyekuwa askari wa Mjerumani, na baadhi zina kipande cha chuma kilichobaki. Ni vyema ijulikane kwamba askari Waafrika kwa kawaida hawakupewa Msalaba wa Chuma. Ujerumani ilikuwa na medali tofauti kwa wapiganaji wa makoloni, yenye maneno ya Kijerumani Krieger Verdienst, yaani sifa ya mpiganaji. Ubaguzi huo unaumiza kuusoma, lakini una maana kwa mchunguzi: medali ya namna hiyo ndani ya sanduku la familia ya Tabora au Iringa ina uzito wa kihistoria kuliko Msalaba wa Chuma ulionunuliwa mtandaoni, hata kama mnada wa Ulaya utasema vingine. Msalaba wa Chuma uliopatikana hapa unaweza kuwa umefika kwa njia nyingi, kuanzia afisa wa Kijerumani na mlowezi aliyerudi miaka ya 1920 hadi mtalii wa jana.

Mwenye kitu cha aina hii asikisugue kwa mchanga, majivu wala dawa ya kung'arisha vyombo. Rangi nyeusi ya kiini na ukungu juu ya fedha ni sehemu ya ushahidi, vikiondoka havirudi. Apige picha mbele, nyuma, ubavuni na kwenye pete, kila moja ikiwa na rula kando yake, na aandike alichoambiwa na wazee, nani alikitoa wapi na lini, kabla ya kumwonyesha mnunuzi yeyote. Kilichochimbwa ardhini ni suala jingine, kwani uchimbaji katika maeneo ya kihistoria bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kitu kilichotolewa shimoni bila kuandikwa kilipokutwa kimepoteza habari ambayo hakuna lenzi itakayoirejesha. Anayekusudia kupeleka Ujerumani nishani yenye swastika afahamu kwamba kuionyesha hadharani ni kosa la jinai huko, isipokuwa kwa madhumuni kama elimu, utafiti na historia, na wauzaji wa huko huifunika alama hiyo kwenye picha za minada. Picha iliyofunikwa katikati, kwa hiyo, isichukuliwe kuwa mbinu ya kuficha kasoro. Aombe tu vipimo, uzito, na picha ya ubavuni penye lehemu.